Ukuta Umetoka Bapa: Kutatua Matatizo ya Picha za Mitambazi Mikavu, Lamu na Gedi

Kati ya Januari na kuingia kwa masika, upepo wa kaskazi ukiwa umeshakausha ardhi, mimea mingi inayotambaa kwenye kuta za Lamu hupukutisha majani. Hubaki vijiti, kamba na vijizizi vilivyong'ang'ania chokaa, na nyuma yake mawe ya matumbawe yenye matundu. Ukisimama mbele yake unaona mchoro wa ajabu. Ukifungua picha nyumbani unaona ukuta mchafu.

Hapa tunakwenda kwa dalili: tazama picha yako inaumwa nini, kisha soma sehemu yake. Usikimbilie kubadilisha kamera. Kwa kazi hii simu ya bei ya kati ikishikwa mahali panapofaa na saa inayofaa huishinda kamera ghali iliyoshikwa ovyo, na saa inayoufaa ukuta si ile uliyozoea kuambiwa.

Kila kitu kinaonekana, lakini ukuta ni bapa

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Ukwaru wa ukuta huonekana kwa vivuli. Tundu la jiwe linatambulika kwa kuwa ukingo wake mmoja una mwanga na mwingine una giza. Jua likiwa mgongoni mwako, mwanga unaingia moja kwa moja ndani ya tundu, na kivuli cha kila kijiti kinajificha nyuma ya kijiti chenyewe. Kamera haijakosea, vivuli havikuwapo.

Ushauri unaozagaa ni kupiga picha jua likichomoza au likitua. Ni ushauri mzuri kwa vitu vilivyolala: vilima vya mchanga vya Shela, ufuo maji yakiwa yamekupwa, jamvi lililotandikwa barazani. Ukuta umesimama. Jua la asubuhi likiwa chini huupiga usoni ukuta wowote unaotazama mashariki. Ndiyo sababu nyumba za mbele, zile zinazotazama mkondo wa Manda, saa moja asubuhi hutoka na rangi tamu lakini bila umbo lolote.

Unachotaka ni mwanga unaouparuza ukuta, unaopita sambamba nao karibu kuugusa. Lamu iko digrii mbili na ushei tu kusini mwa ikweta, na jua la hapa hutoa mwanga huo saa ambayo wapiga picha wengi wamekaa kivulini wakinywa juisi ya ukwaju: adhuhuri.

Hesabu yake si ngumu. Jua hupita utosini kabisa katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba. Katika miezi iliyo kati ya Septemba hiyo na Machi inayofuata, adhuhuri jua liko upande wa kusini. Mwishoni mwa Desemba huwa limeinama kusini kwa digrii 21 hivi. Maana yake, katika msimu huohuo mitambazi ikiwa mikavu, ukuta unaotazama kusini huteremkiwa na jua kwa pembe kali kutoka juu, na kila kijiti humwaga kivuli kirefu kuelekea chini. Kadiri Machi inavyokaribia, pembe inazidi kuwa nyembamba na vivuli vinazidi kurefuka, hadi vinapoanza kumezana. Ukuta unaotazama kaskazini haupati kitu adhuhuri ya miezi hiyo. Zamu yake ni Juni, jua likiwa limeinama kaskazini karibu digrii 26, ingawa kufikia hapo masika yamesharudisha majani.

Kuta za mashariki na magharibi zina dirisha fupi zaidi. Jua husogea digrii 15 kwa saa. Saa moja kabla halijafika juu kabisa, linauparuza ukuta wa mashariki kwa pembe ya digrii 15 hivi, na hapo ndipo pa kuanza kupiga. Dakika tano kabla, umechelewa. Ukuta wa magharibi ni kinyume: subiri jua lipite juu, kisha lipe robo saa. Na usiamini kwamba jua linafika juu saa sita kamili. Februari, Lamu, hufika karibu saa sita na nusu. Mwanzoni mwa Novemba ndipo hufika karibu saa sita yenyewe.

Hujui ukuta unatazama wapi? Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, vinajipinda kiasi cha kumpoteza mgeni baada ya kona mbili, na dira ya simu hupagawa ikikaribia mabati na nondo. Tafuta msikiti. Kibla kwa mtu aliye Lamu ni karibu kaskazini kamili, kwa kuelemea magharibi kidogo sana, na misikiti mingi ya kale mihirabu yake, yaani vidaka anamosimama imamu, imetokeza nje ya ukuta. Upande uliotokeza ndio kaskazini yako. Njia hii inafaa hata Takwa, mji uliohamwa kisiwani Manda, na Gedi, ule ulio karibu na Malindi, ambako misikiti ni magofu lakini ukuta wa kibla bado unatambulika.

Kichochoro chembamba kinakusaidia kwa namna mbili. Kwanza, ukuta wa pili uliopakwa chokaa unarudisha mwanga laini ndani ya vivuli, hivyo haviwi vyeusi kabisa. Pili, siku ya mawingu, uwazi wa mbingu ulio juu yako ni ukanda tu, na mwanga bado unatoka juu kuteremka. Ukuta wa kichochoroni hubaki na umbo siku ambayo ukuta wa uwanjani umelala kabisa. Chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kwenyewe ni giza, lakini ukuta ulio hatua moja au mbili nje yake hupata mwanga wa upande mmoja tu, na mara nyingi hapo ndipo penye picha.

Kama ukuta hauwezi kupata jua la kuparuza saa yoyote, tumia tochi. Rudi jioni, weka kamera kwenye tripodi, mpe rafiki tochi aishike karibu na ukuta, pembeni, nje ya picha, aisogeze polepole wakati shata, kile kilango cha kuingizia mwanga kwenye kamera, iko wazi kwa sekunde nne au tano. Jaribu hili hata kama hutaki picha ya usiku: kusogeza tochi kutoka usoni hadi pembeni mwa ukuta kunafundisha zaidi ya maelezo yote niliyoandika hapo juu.

Takwa ina kikwazo chake. Njia ya maji inayopita kwenye mikoko kuingia huko hutaka maji yaliyojaa, kwa hiyo nahodha ndiye anayechagua saa yako ya mwanga. Siku za bamvua, yaani maji makuu, maji hujaa alasiri na alfajiri, hivyo utafika na jua la magharibi utake usitake. Mwambie nahodha mapema kwamba unataka kuwa magofuni adhuhuri, naye atakutafutia siku, au atakuambia siku hiyo haipo wiki hii.

Vivuli vimekuwa lami, weupe umeungua

Hii ni dalili ya mtu aliyefuata sehemu iliyotangulia mahali pa wazi, bila ukuta wa pili wa kurudisha mwanga. Tofauti kati ya chokaa juani na tundu la jiwe kivulini ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba kwa picha moja.

Dawa rahisi ni kurudisha mwanga mwenyewe. Shuka nyeupe, kanzu, hata ubao wa sponji uliotolewa kwenye kasha la televisheni: mtu aushike upande wa pili wa jua, nje ya picha. Ukiwa peke yako, subiri wingu jembamba lipite. Kaskazi haikosi vijiwingu. Kuunganisha picha tatu zenye mwanga tofauti pia kunawezekana, lakini ni kwa ukuta usio na upepo. Kijiti kikitikisika kati ya picha ya kwanza na ya tatu, programu itakutengenezea vijiti viwili.

Ikibidi uchague, okoa weupe. Chokaa iliyoungua haina kitu cha kurudisha, wakati kivuli cheusi ndani ya tundu la jiwe hakimsumbui mtazamaji yeyote.

Ukuta mweupe umetoka wa kijivu

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu mbele yake ni cha rangi ya kati. Kikioneshwa chokaa, kinaona mwanga mwingi mno na kuupunguza. Ongeza fidia ya mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa kiooni unaoonesha giza kushoto na mwanga kulia: mlima wake uelemee kulia bila kugonga ukingo. Kwenye simu, gusa ukuta kisha telezesha kile kijua kidogo kuelekea juu.

Ukuta wa Gedi ni kinyume. Mawe yake yamekuwa meusi kwa ukungu na kuvumwani, na kamera huyang'arisha hadi yanaonekana ya juzi. Punguza nusu hatua au zaidi kidogo.

Picha haina ukali

Usiseme tu kwamba imetoka na ukungu. Ikuze kwenye kioo, uangalie ukungu uko wapi. Mahali ulipo ndipo panapotaja sababu.

*Picha nzima ni laini, na sehemu zenye mwanga zina utando kama wa maziwa.* Tatizo liko kwenye kioo cha lenzi. Pwani sababu ni tatu: alama ya kidole, chumvi ya bahari, au mvuke. Mvuke humpata aliyelala chumba chenye kiyoyozi akatoka na kamera mkononi. Hewa ya nje ina unyevu mwingi na kioo ni baridi, basi kinatokwa jasho. Usikifute, kwa maana kitatoka tena. Acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa mpaka ipate joto la nje. Chumvi nayo usiifute kavukavu kwa pindo la kikoi, utaikwaruza lenzi. Puliza vumbi kwanza, kisha tumia kitambaa cha miwani kilicholowa kidogo.

*Kila kitu kina kivuli pacha kwa upande mmoja.* Mkono umetikisika. Vichochoro vina giza kuliko macho yanavyokiri, na kamera imefungua shata kwa muda mrefu. Tripodi kichochoroni ni mashaka: punda wana haki ya njia kabla yako, na mwenye punda akisema "similla" husogei wewe tu, inasogea na miguu mitatu. Egemea ukuta wa pili, bana viwiko kwenye mbavu, au kaa kwenye baraza ya daka, ukumbi wa mlangoni, ukisharuhusiwa. Panda ISO, kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600 bila woga. Chengachenga kidogo juu ya ukuta wa matumbawe hazionekani; mtikisiko unaonekana.

*Ukuta uko wazi, vijiti vimefifia.* Upepo. Vijiti vilivyoshikana na chokaa havitikisiki, bali vile vinavyoning'inia. Shata iwe 1/250 au kasi zaidi. Kaskazi hupoa kidogo asubuhi, lakini asubuhi ndipo mwanga usipofaa, kwa hiyo mara nyingi utalazimika kupigana na upepo.

*Vijiti viko wazi, ukuta umefifia, au kinyume.* Kina cha fokasi, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka wazi, hakitoshi. Mtambazi mkongwe unaweza kusimama mbele ya ukuta kwa kipimo cha kiganja. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi ya mm 50, ukiwa mita moja kutoka ukutani, uwazi wa tundu la lenzi wa f/2.8 (namba ikipanda, tundu linapungua) unakupa kina cha kama sentimita 7 tu. F/8 inakupa karibu 19. Kwa hiyo anza f/8, panda hadi f/11. Usikimbilie f/22 ukidhani ndiyo salama zaidi, kwani tundu likiwa dogo mno mwanga hupinda kwenye ukingo wake na picha nzima hulainika. Kwenye kihisi kidogo hali hiyo huanza mapema zaidi.

*Katikati pakali, upande mmoja laini.* Hukusimama sambamba na ukuta. Upande mmoja uko mbali na lenzi kuliko mwingine. Ukiona pande zote mbili ni laini sawasawa, lawama ni ya lenzi, na kufunga uwazi hatua mbili kunatibu.

Simu imeupaka ukuta mafuta

Matundu ya jiwe yamekuwa mabaka laini, vijizizi vimeungana. Simu ikikosa mwanga hupandisha ISO, kisha husafisha chenga kwa programu, na programu hiyo haijui chenga ni ipi na mchanga wa chokaa ni upi. Inafuta vyote.

Tumia hali ya kitaalamu kama ipo, shusha ISO, egemeza simu mahali, na hifadhi faili ghafi (RAW), ambayo simu haijaisafisha. Usikuze kwa vidole. Sogea kwa miguu. Na ukisogea mno, angalia jambo hili: simu nyingi zikiwa sentimita chache kutoka ukutani hubadilisha lenzi zenyewe na kuchukua ile pana, ambayo kwa kawaida ni dhaifu kuliko kuu. Ukiona picha imeruka ghafla kwenye kioo, rudi nyuma kidogo mpaka irudi. Kichujio cha kulainisha ngozi za watu kizime pia. Kwa ukuta kinafanya kazi yake vizuri mno.

Rangi zimechafuka

Ukuta wa kichochoroni hupokea buluu kutoka mbinguni na umanjano kutoka kwa ukuta wa jirani. Weka mizania ya rangi kwenye kivuli, au piga kwanza karatasi nyeupe iliyoshikwa palepale ukutani uje kuitumia kama kipimo. Kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ni jibu halali kwa mitambazi mikavu, kwa kuwa mchoro ni wa mistari. Lakini fanya hivyo kwa sababu umbo linatosha. Picha bapa ikiondolewa rangi inabaki bapa.

Mchoro hausomeki, ni vurugu tupu

Umeingiza ukuta mzima. Jicho halina pa kuanzia. Tafuta mahali mtambazi ulipoanzia, shina moja, ulifuate hadi linapogawanyika, na upige hapo tu. Au rudi nyuma kabisa mpaka matawi yawe utando mmoja na ukuta uwe uwanja. Kati ya hapo na hapo ndiko vurugu inakoishi.

Lamu kuna mtego wa ziada: nyaya. Umeme na mabomba ya maji vimepitishwa juu ya kuta zilizojengwa kabla havijakuwapo, na waya mweusi uliolegea kwa macho ni kijiti kingine. Kwenye picha ni waya. Pitisha macho kwenye kila mstari kabla ya kubonyeza, hasa ule ulionyooka mno. Vivuli navyo hudanganya: matawi ya mti yaliyotupa vivuli kwenye ukuta wa Ngome, iliyoanzwa kujengwa mnamo 1813 na kukamilika mnamo 1821, yanaweza kuonekana kama mtambazi mpaka ukaribie.

Kama tatizo ni kuta zinazoelea na kuinama, simama sambamba na uinue kamera badala ya kuielekeza juu. Zaidi ya hapo, usinyooshe kwa programu ukuta ambao fundi mwenyewe hakuunyoosha. Nyumba za matumbawe zina matumbo na migongo, na mstari ulionyooshwa kwa nguvu unaonekana wa uongo.

Umefika, na hakuna mtambazi mkavu

Ama umekuja wakati usio wake, Mei mpaka Julai kila kitu ni kijani, ama mwenye nyumba amesafisha ukuta wake, na ana haki. Mizizi inayopendeza kwenye picha hupenyeza kwenye chokaa, hupanua nyufa, na maji ya mvua hufuata humohumo. Usimwombe mtu aache mtambazi kwa ajili yako. Wala usivute wewe kijiti kilichokuharibia picha: kinatoka na kipande cha ukuta. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kipande hicho hakirudi.

Nenda Gedi badala yake, kusini kidogo mwa Malindi, karibu na Watamu. Wenyewe waliuhama mji huo katika karne ya 17, msitu ukaingia, na mwaka 2024 nao ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu imeteremka juu ya kuta mwaka mzima, mitupu, bila kungoja msimu. Matatizo yake ni mengine: mwanga wa kijani unaochujwa na majani, na mabaka ya jua yanayokata mzizi vipandevipande. Kwa mabaka, subiri wingu au ingia mara lango linapofunguliwa. Kwa ukijani, tumia karatasi nyeupe ile ile. Mkoba ufunge zipu. Kima wa pale wanajua ndizi iko mfuko gani. Kama una tripodi au kazi ya biashara, uliza langoni kabla ya kuanza, kwani ni eneo la Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mwenye nyumba amekuja juu

Ukuta una watu nyuma yake. Dirisha lililo mita moja juu ya mtambazi wako ni la chumba cha mtu, na lenzi iliyoelekezwa huko haielezi kwamba inatafuta vijiti. Piga hodi kabla ya kutoa kamera.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Naomba ruhusa nipige picha ya ukuta wako, hii mizizi tu. Sipigi mlango wala mtu."

"Mizizi hiyo? Ipige. Ukimaliza uning'olee."

Ukipewa kazi hiyo, sema utamwita fundi. Na mwoneshe picha kwenye kioo kabla ya kuondoka. Mara nyingi hapo ndipo unapoambiwa kwamba nyuma ya nyumba kuna ukuta mwingine.

Kwenye kompyuta ilikuwa nzuri, ikitumwa inawakawaka

Mistari myembamba mingi ikipunguzwa kuwa pikseli chache hugombana, na hutokea mawimbi ambayo hayakuwa ukutani. Hali huwa mbaya zaidi kama uliinoa picha ikiwa kubwa, kila kijiti kikapata ukingo mweupe. Ipunguze kwanza hadi ukubwa utakaotuma, kisha inoe kidogo, ukiitazama kwa ukubwa huohuo bila kuikuza.